Ulimi Usioweza na Mkono Usiotaka

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kunena na akamfundisha kwa kalamu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko katika pwani yetu, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Tumeiandika salamu hii kwa herufi zake zote wala hatukuikata, kwa kuwa ndiyo mlango wa maneno tutakayoyasema.

Katika darsa yetu hapa Machakos huja malalamiko ya namna mbili. La kwanza ni la wazee juu ya vijana. Wazee husema ya kwamba lugha imeharibiwa. Kijana akimwandikia babake katika simu, huandika «xaxa» mahali pa «sasa», na «xawa» mahali pa «sawa». Huandika «cjui» naye amekusudia «sijui», na «2ko» naye amekusudia «tuko». Kisha huigeukia salamu ya Kiislamu akaikata hata zikabaki herufi tatu, «Slm» au «Asc», na dua ya Jazakallahu khayran akaifanya «jzk».

La pili ni la wageni wa pwani juu ya watu wa huku bara. Wageni husema ya kwamba watu hawa hawajui kutamka: R imekuwa L, na L imekuwa R. Na neno hili huanza kwa kicheko sokoni, likaingia na kicheko hicho hicho msikitini, mpaka juu ya Qur'ani tukufu.

Sisi twasema: malalamiko haya yametiwa katika kikapu kimoja, na hapo ndipo hukumu yake ilipopotoka. Kwani katika matamshi na maandishi yanayowaudhi watu mna mambo matatu mbalimbali. Mna maneno ambayo kuyaharibu ni kuiharibu ibada au kuipunguza haki ya mtu. Mna ulimi usioweza. Na mna mkono usiotaka taabu. Mwenye kuyahukumu yote haya kwa hukumu moja, hukosa pande zote: humwonea aliyeshindwa, na humwachilia aliyepuuza.

Na tuanze na lile la kwanza.

Dini yetu haikudharau herufi hata siku moja. Katika Suratul Baqara, aya ya 104, Waislamu walikatazwa kumwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, neno «raa'ina», wakaamrishwa waseme «undhurna». Maneno mawili haya maana yake kwa Waislamu ilikuwa karibu moja, nayo ni kumwomba awaangalie na kuwangojea. Lakini wako waliokuwa wakilipinda lile la kwanza kwa ndimi zao hata likawa tusi. Basi Mwenyezi Mungu akawafungia Waislamu mlango huo kabisa. Tazameni: aya nzima imeteremka kwa ajili ya neno moja na namna ya kulitamka.

Na katika zama za Sayyidna Uthman, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ilipokuwa ikinakiliwa misahafu, waandishi walikhitilafiana juu ya neno moja, «taabuut», liandikwe mwishoni kwa herufi ya Ta au kwa herufi ya Ha. Huo ulikuwa ugomvi wa hijai tu, herufi moja katika neno moja. Nao hawakusema kwamba ni jambo dogo, kila mtu na aandike apendavyo. Walilipeleka kwa Sayyidna Uthman, akaamua liandikwe kwa lugha ya Makureshi, kwani kwa lugha yao Qur'ani iliteremka. Basi asiyejali herufi za Qur'ani hana mfano wa kuufuata katika wema waliotangulia.

Ama salamu, hiyo ni dua. Mwenye kuitoa humwombea ndugu yake amani, na katika Suratun Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tukisalimiwa tujibu kwa iliyo bora kuliko hiyo, au kwa mfano wake. Sasa mtu akikuandikia herufi tatu, utamjibu kwa bora ipi, au kwa mfano upi? Herufi tatu si dua. Ni alama ya dua, kama vile picha ya mkate isivyokuwa mkate.

Na hatari ya kuikata salamu kwa ulimi ni kubwa zaidi. «As-salaamu» ni amani. «As-saamu» ni mauti. Baina ya amani na mauti pana silabi moja tu, nayo ndiyo ile imezwayo na mwenye haraka apitaye mlangoni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ya kwamba baadhi ya Mayahudi waliingia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamtamkia hilo la mauti kwa kusudi, wakidhani halitasikika. Bibi Aisha alilisikia, akawarudishia mauti na laana juu yake. Mtume akamtuliza, akamwambia ya kwamba Mwenyezi Mungu ni mpole naye hupenda upole katika kila jambo. Ama yeye mwenyewe alikuwa amewajibu kwa kusema «wa alaykum» tu, yaani na juu yenu, wala hakuzidisha.

Ishikeni hadithi hii, kwani tutairudia.

Kadhalika kumsalia Mtume. Wanavyuoni wa hadithi walikuwa watu wa kuandika mchana na usiku, na karatasi na wino havikuwa vitu vya kutupwa. Wao nao walikata maneno. Neno «haddathana», ambalo maana yake ni «ametuhadithia», walilifanya «thana», na pengine «na» peke yake. Na «akhbarana», yaani «ametupa habari», wakalifanya «ana». Mambo haya yameelezwa na Ibn as-Salah, aliyekufa mwaka 643 wa Hijra, sawa na mwaka 1245, katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya hadithi. Lakini katika mlango huo huo wa uandishi, amemtaka mwandishi asichoke kuiandika sala na salamu kila jina la Mtume linapotajwa, wala asiifupishe kwa herufi mbili tatu za alama.

Hapa, ndugu zangu, pana kanuni ya kutosha, wala hatuna haja ya kuitafuta kwingine. Wema waliotangulia walikata maneno yaliyo yao, wakaacha kukata yaliyo haki ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. «Ametuhadithia» ni neno la mwandishi na mwanafunzi wake. Wakilikata, hakuna aliyepunjwa. Ama salawati ni ibada ya yule aandikaye, na akiikata amejipunja mwenyewe. Na salamu ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu, na akiikata amempunja ndugu yake. Basi kata kilicho chako, usikate kilicho cha mwenzio.

Na tuje kwenye lile la pili, nalo ndilo lililotutia uchungu.

Tuliletewa habari ya msikiti mmoja wa pande hizi, na hatutautaja, wala hatutamtaja mtu. Hapo palikuwa na mzee Mkamba aliyesilimu ukubwani. Kila baada ya sala ya Maghribi hukaa katika halka pamoja na watoto, mbele yake juzuu, akisoma Alhamdu herufi kwa herufi. Na Kikamba cha asili hakina herufi R. Ulimi uliolelewa katika lugha hiyo hata ukazeeka, ukikutana na R huiendea L, kwa kuwa ndiyo jirani yake. Basi mzee yule akifika kwenye «Rabbi», hutoka «Labbi». Na akifika kwenye «Rahmani», hutoka kwa L vile vile.

Jioni moja alikuwapo mgeni kutoka pwani. Aliposikia, alicheka, kisha akaligeza lile tamko mbele ya watoto, na watoto nao wakacheka. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika ya kwamba neno «lahm» katika Kiarabu ni nyama, na kwamba mzee huyu anamwita Mwenyezi Mungu kwa jina la nyama.

Jioni ya pili mahali pa mzee palikuwa patupu. Na ya tatu. Wiki ilipotimia, mwalimu alimwendea nyumbani.

«Shikamoo, mzee wangu. Hatukuoni.»

«Marahaba, Ustadhi. Mimi ni mzima.»

«Basi umekasirika?»

«Sikukasirika. Yule bwana ni mtu wa pwani, amesoma, naye amesema kweli. Mimi nalivunja neno la Mungu. Sasa naogopa. Nikisimama kuswali ndani ya nyumba, nikifika hapo pa jina lake, nanyamaza. Ni afadhali ninyamaze kuliko kumtukana aliyeniumba.»

Enyi ndugu, yapimeni maneno haya. Mtu ameacha kuitaja rehema ya Mola wake katika sala, si kwa kiburi wala uvivu, bali kwa hofu iliyotiwa moyoni mwake na kicheko cha mtu mmoja. Alhamdu ni nguzo ya sala. Yule mgeni alidhani anailinda herufi, akaiangusha nguzo.

Na siku chache baadaye mgeni huyo huyo, aliyekwisha kurudi kwao, aliwaandikia watu wa msikiti ujumbe wa kuwashukuru kwa ukarimu wao. Ujumbe wenyewe ulianza kwa «Slm ndg zng» ukaisha kwa «jzk». Ulimi wa mzee ulishindwa na herufi moja baada ya kuihangaikia miezi. Mkono wa mgeni uliziangusha herufi ishirini bila ya kuhangaika hata dakika moja. Ni yupi kati ya wawili hawa aliyestahiki kusahihishwa kwanza?

Ama hukumu ya sharia, haikuachwa tuikisie. Kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ni miongoni mwa vitabu vikuu vya madhehebu yetu ya Shafi, na kimesomeshwa pwani yetu vizazi kwa vizazi. Nacho kimelipambanua jambo hili. Mwenye kukosea katika Alhamdu kosa la kugeuza maana, hali ya kuwa anaweza kujifunza naye hakujifunza, sala yake haisihi. Ama ambaye ulimi wake haumtii, au ambaye bado hajapata muda wa kutosha wa kujifunza, huyo sala yake ni sahihi. Kilichozuiliwa kwake katika madhehebu ni kuwasalisha wale waisomao Alhamdu sawasawa. Ama walio mfano wake anaweza kuwasalisha. Tazameni uadilifu ulioje: sharia haikusema kwamba herufi si kitu, wala haikusema kwamba mtu si kitu. Herufi imewekwa mahali pake, na mtu amepewa udhuru wake.

Na juu ya udhuru ameongezewa bishara. Imepokewa na Bukhari na Muslim ya kwamba aliye hodari wa Qur'ani yu pamoja na malaika watukufu, na yule aisomaye kwa kukwama, hali ya kuwa ina uzito juu yake, ana ujira mara mbili. Basi katika jioni ile ya kicheko, yamkini aliyekuwa akichuma zaidi katika halka ni yule aliyechekwa.

Na msiseme kwamba kumcheka mtu kwa ulimi wake ni mzaha tu. Nabii Musa, amani imshukie, alimwomba Mola wake alifungue fundo la ulimi wake ili watu wapate kuyafahamu maneno yake, na alikiri ya kwamba nduguye Haruni ana ufasaha kumshinda. Hayo yamo katika Suratu Taha na Suratul Qasas. Ni nani aliyemtia ila kwa jambo hilo? Someni Suratuz Zukhruf, aya ya 52. Ni Firauni, aliyejiona bora kuliko mtu dhaifu asiyeweza kubainisha maneno. Yeye alikuwa fasaha, na Musa alikuwa na fundo. Lakini fundo la Musa lilimfikisha Mlima wa Tur, na ufasaha wa Firauni ukamfikisha chini ya bahari. Mwenye kumdharau mwenzake kwa ulimi na aangalie ni nyayo za nani anazozikanyaga.

Hapa hatuna budi kutanabahisha jambo moja. Watu wengi, wakitaka kumtetea asiyeweza kutamka, hutaja kisa cha Sayyidna Bilal, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, kwamba hakuweza kuitamka Shin, akiadhini kwa Sin, na kwamba Sin ya Bilal mbele ya Mwenyezi Mungu ni Shin. Kisa hiki ni kitamu, lakini hakina asili. Ibn Kathir amekikanusha katika tarikhi yake, na wengine katika maimamu wa hadithi wamesema kama hivyo. Yaliyo sahihi ni ya kwamba Bilal alichaguliwa kuadhini kwa kuwa sauti yake ilikuwa bora zaidi. Haifai kumtetea mnyonge kwa uwongo, ijapokuwa nia ni njema, maana kweli inatosha, wala haihitaji kuazimiwa nguo.

Na kweli yenyewe ni kama hii. Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Suratul Furqan kwa matamshi asiyoyajua yeye. Alikaribia kumrukia katika sala. Alipotoa salamu akamkamata kwa shuka yake, akampeleka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Jambo la kwanza Mtume alilomwamrisha Umar ni kumwachilia Hisham. Kisha akamsikiliza huyu, akamsikiliza na huyu, akasema ya kila mmoja kwamba ndivyo ilivyoteremshwa, na kwamba Qur'ani imeteremshwa kwa herufi saba. Na Tirmidhi amepokea ya kwamba Mtume alimweleza Jibrili hali ya umma wake, ya kwamba mna vikongwe na wazee, na watoto, na mtu ambaye hakusoma kitabu kamwe. Hatusemi kwamba L ya mzee wetu ni mojawapo ya herufi saba. Hizo ziliteremshwa, wala hazitungwi. Twasema ya kwamba Mtume alipouangalia umma wake aliwaona wasioweza, akawaombea wepesi. Na sisi tukiwaangalia, mbona twawaonea kicheko?

Sasa rudini kwenye ile hadithi ya Bibi Aisha. Wale waliipinda salamu kwa makusudi, wakamtakia Mtume mauti usoni pake, naye akaamrisha upole. Ikiwa upole ulipasa kwa adui aliyekusudia ubaya, wapasa mara ngapi kwa Muislamu aliyekusudia rehema, ulimi wake ukateleza?

Limebaki la tatu, nalo ni maneno ya kila siku, yasiyo Qur'ani wala dua wala salamu. «Xaxa» na «cjui» na mfano wake.

Hapa twawaambia wazee wetu kwa adabu: jambo hili halimo katika halali na haramu, bali limo katika adabu na desturi. Nalo lina sababu yake. Ujumbe mmoja wa simu ulikuwa hauzidi herufi 160, na aliyezidisha alilipia wa pili. Kijana asiye na fedha alijifunza kubana maneno kama vile mwenye chumba kimoja anavyojifunza kupanga vyombo. Siku hizi dhiki hiyo aghlabu imeondoka na mazoea yamebaki, na katika kubaki kwake yamekuwa pambo la ujana. Kwani «xaxa» na «sasa» herufi zake ni nne kwa nne, hakuna kilichobanwa hapo. Wala si vijana wetu peke yao. Vijana wa Kiarabu wakiandika lugha yao kwa herufi za Kizungu hutia tarakimu ya 3 mahali pa Ain, na 7 mahali pa Ha nzito. Ikiwa wenye lugha ya Qur'ani hufanya hivyo katika soga zao, kijana wa Mombasa asihesabiwe peke yake kuwa mvunja lugha.

Kisha sisi watu wa pwani tujitazame wenyewe. Maneno «khabari» na «kheri» na «khatari» tuliyapokea yakiwa na Kha; wengi wetu leo twasema «habari» na «heri» na «hatari», wala hakuna alaumuye. Na mtu wa Mvita asemaye «nti» na «ndia» na «mato», hayo ndiyo maneno ya babu zake, tena ni lugha ya mashairi. Lakini mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa, ilichaguliwa lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki kulisimamia jambo hilo. Tangu hapo mtoto wa Mvita akiandika «nti» katika mtihani husahihishwa kwa wino mwekundu. Aliyeonja uchungu wa kuambiwa kwamba lugha ya mama yake ni kosa, huyo angekuwa wa mwisho kumwonjesha mwenzake.

Na hata majina ya nchi tunayoikanyaga yashuhudia. Mji huu wenyeji wake huuita Masaku, kwa jina la mzee wao wa zamani. Wageni walishindwa kulitamka, likatoka «Machakos», likaandikwa katika madaftari ya serikali, na leo ndilo jina la mji na kaunti. Na Kenya yenyewe? Mwaka 1849 mmishonari Krapf alifika Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba, akauona mlima ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga. Yeye alilisikia jina katika midomo ya Wakamba, wasiotamka R ile, nao husema Kiinyaa. Na kwa kusikia huko likaandikwa jina ambalo leo limo katika pasi zetu za kusafiria. Basi yule amchekaye Mkamba kwa kuiangusha R, kila atajapo nchi yake hutamka neno lililoangushwa R na Wakamba hao hao, wala hajui.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratur Rum, aya ya 22, ya kwamba kukhitilafiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika dalili zake. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11, amewakataza watu wasiwadharau watu, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Aya mbili hizi zatosha kuwa hukumu baina ya pwani na bara.

Walakini msitufahamu vibaya, enyi vijana. Kusema ya kwamba «xaxa» si dhambi si kusema ya kwamba ni jambo la kusifiwa. Kila neno lina mahali pake, kama nguo. Mtu haendi kwenye maziko na nguo za kuchezea mpira, na mpira wenyewe haukuharamishwa. Andikaneni ninyi kwa ninyi mpendavyo. Lakini barua ya kwa mzazi, na ya kwa mwalimu, na tanzia, na posa, na kila lenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, liandikwe kwa ukamilifu. Hiyo ni heshima, na heshima haiendi kwa mkato.

Basi haya ndiyo tunayowausia.

Kwanza, tuandike salamu kamili na salawati kamili, kwa Kiarabu au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika «assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh» na aandike «amani iwe juu yenu». Hiyo ni dua kamili, bora kuliko alama ya herufi tatu.

Pili, watu wasifundishwe Alhamdu kwa herufi za Kizungu kisha wakaachwa hapo. Herufi hizo hazina njia ya kutenga Ha nyepesi na Ha nzito, wala Sin na Sad. Mwenye kusoma «kalbi» kwa herufi za Kizungu hajui kama ametaja moyo, ambao ni kwa Qaf, au mbwa, ambaye ni kwa Kaf. Wengi wa tunaowacheka hawakukosewa na ndimi zao. Walikosewa na aliyewapa karatasi badala ya kuwapa mwalimu.

Tatu, mwenye kusahihisha asahihishe faraghani, kwa herufi moja kwa wakati, na kwa mtu aliyekwisha kumsalimia na kumjua jina. Asiigeze sauti yake, wala asimfanye somo la watoto. Na akiona kwamba ulimi umefika mwisho wa uwezo wake, amwambie wazi kwamba sala yake ni sahihi, asimwache na hofu.

Nne, ninyi mnaokuja bara kwa biashara na kazi, mkiingia katika halka za watu hawa, kaeni nao mfundishe. Ulimi wenu mwepesi ni amana, nao utaulizwa.

Ama yule mzee, mwalimu alikaa naye siku ile mpaka Isha. Alimweleza hukumu ya Minhaji kama tulivyoieleza, na bishara ya ujira mara mbili. Kisha akamwekea ncha ya ulimi juu ya ufizi, akamfundisha kuutetemesha, kama mtoto anayeigiza gari. Mzee amerudi katika halka. R yake siku nyingine hutoka, siku nyingine haitoki. Lakini hanyamazi tena afikapo kwenye jina la Mola wake.

Ewe Mola wetu, zifungue ndimi zetu zilizofungika, na uzifunge zilizofunguka kwa dharau. Utujaalie kuwapa ndugu zetu salamu iliyo kamili, na utujaalie kuipata amani ndani yake. Utusamehe tulipokosea kwa kutoweza, na ututie haya tunapopuuza hali tunaweza. Na umrehemu na kumpa amani Bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kwa wasomi na kwa wasiosoma, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.